Ngoma Haijafungwa

Jioni ile nilikuwa natafuta GV tu. Ile dawa ya zambarau ya kupaka kwenye vidonda, ambayo ukimpaka mtoto basi shuka zote zimeharibika. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hasira, maana niliyekuwa namnunulia hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, kaka yangu Danford, mpiga gitaa. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na kila nikimuuliza yametoka wapi ananijibu, "Sijui, Kwandu. Niache nilale."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza wiki ile. Bariadi nzima ilinukia udongo, na jua lilikuwa linaishia nyuma ya kinu cha pamba. Nikaingia duka la dawa nikikung'uta matope kwenye ndala.

Nikamkuta Method, dereva wa bodaboda, ambaye kijiwe chake kiko mbele ya kibanda changu. Alikuwa amekunja ngumi zote mbili kama mtu aliyeficha kitu.

"Mwadila, Kwandu."

"Mwadila. Unaumwa nini?"

Akafungua viganja.

Malengelenge. Mengine yamepasuka, mengine mapya. Na chini ya kucha, udongo mweusi.

Mektilda, muuza dawa, akacheka mpaka akashika kaunta. "Jamani, nyie watu wa mjini mmeanza kilimo lini? Tangu asubuhi nauza GV. Mama wa chipsi, mikono. Mlinzi wa kinu, mikono. Mwalimu wa hesabu, mikono. Mna shamba la pamoja?"

"Mimi sijalima," Method akasema. Hakucheka. "Giza likiingia nalala. Popote nilipo, nalala kama mzigo. Nikiamka niko hivi... na mgongo unauma."

"Pombe," nikamwambia.

"Siku hizi sinywi, wewe mwenyewe unajua. Nikitoka kijiweni naweka ule muziki wa Danford masikioni, naenda nyumbani. Basi. Ule muziki unanituliza sana."

Nikasimama na chupa yangu ya GV mkononi. Mama wa chipsi. Mlinzi wa kinu. Mwalimu wa hesabu. Wote hao niliwawekea mimi muziki wa Danford kwenye simu zao.

Sasa kabla hamjaanza, najua. Mtu akisikia Bariadi anauliza habari za uchawi. Tumechoka! Kwetu kuna pamba, kuna ng'ombe, kuna watu wana digrii zao na wanalala usiku kucha bila kuruka na ungo. Mambo haya mimi nilikuwa wa kwanza kuyacheka. Basi nisikilizeni tu, na anayetaka kucheka acheke mwishoni.

Nina kibanda cha kuuza chaja na kava za simu, na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Nyuma ya kibanda kuna chumba, na chumba hicho ndicho studio ya Danford na ndicho kitanda chake. Humo alijifungia karibu mwaka mzima akitengeneza albamu yake. Aliiita Jembe la Umeme.

Albamu yenyewe haina mtu anayeimba. Hata neno moja! Ni vyombo vitupu, vya mbao na vya umeme, vimechanganywa pamoja. Danford anaita roki. Wimbo unaanza taratibu na zeze, unadhani utalala, ghafla gitaa la umeme linaingia linalia, kisha kinakuja kinanda, kisha vyote vinageuka njia na kuanza mwendo mwingine kabisa, hujui kama ni wimbo mmoja au ni nyimbo tano zimegombana. Na mrefu! Wimbo wa mwisho unaweza kusonga ugali, ukaula, ukaosha sufuria, bado unaendelea.

"Nani atasikiliza kitu hiki?" nilimuuliza.

"Watu wenye subira," akanijibu. "Siyo wewe."

Kweli, siyo mimi. Niliuweka kwenye simu za watu wengi, maana ni kaka yangu, lakini mwenyewe kila nilipojaribu nilifika katikati nikauzima.

Vyombo vyote alipiga mwenyewe. Leo anarekodi gitaa la umeme, kesho anakaa anajisikiliza na kuweka gitaa kavu, lisilo la umeme, juu yake, keshokutwa besi, halafu kinanda, halafu zeze la babu yetu. Nikamtania, "Danford, bendi yako ina watu wangapi?" Akacheka, akasema, "Mimi na mimi na mimi."

Kitu kimoja tu hakupiga yeye. Ule wimbo wa mwisho umejengwa juu ya bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia. Msimu uliopita alikwenda kijijini Kasoli kwa mzee Mayunga, mpiga ngoma, akarekodi shambani watu wakilima: ngoma ya mzee inaita, majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Watu wale walikuwa wanaimba, kama inavyotakiwa. Danford alirudi studio akafuta sauti zao zote. Hakutaka maneno. Akabakiza ngoma na majembe.

Niliporudi na GV nilimkuta Danford amekaa kitandani, amevimba macho. Nikamshika mkono wa kulia nikaanza kumpaka dawa. Hakulalamika. Danford ninayemjua mimi akichomwa na mwiba mtaa mzima unajua.

"Kwandu, leo nimeamka saa ngapi?"

"Mchana. Nilikuita mpaka sauti ikakauka."

"Na jana?"

"Jana uliwahi kidogo."

Akatazama dirishani. Giza lilikuwa linaingia. "Kila siku nachelewa zaidi kurudi," akasema polepole. "Siku moja si..."

"Kurudi kutoka wapi?"

Macho yakamfumba. Alilala hapohapo, mdomo ukiwa wazi, mkono wake bado ndani ya mkono wangu. Nikamtikisa. Nikampiga kofi, tena la nguvu. Wapi!

Ndipo nikasikia harufu. Udongo uliolimwa sasa hivi, mbichi, wenye majani yaliyokatwa. Ndani ya chumba cha sakafu ya saruji.

Vidole vyake vikaanza kujikunja. Taratibu. Vikashika kitu ambacho hakikuwepo, kitu cha mviringo, kama mpini.

Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nikainama nikaweka sikio kifuani kwake nisikie kama moyo unapiga.

Ulikuwa unapiga.

Lakini nyuma yake, mbali... kwi... kwi... kwi...

Majembe.

Kesho yake Danford aliamka alasiri. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda tangu usiku, nimelia, nimesali, nimetukana, vyote. Alipofungua macho sikumpa hata maji kwanza.

"Ule wimbo wa mwisho," nikamwambia. "Wa majembe. Unaishaje?"

"Haukatiki. Unafifia." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Unapunguza sauti kidogo kidogo mpaka inapotea. Roki nyingi zinaisha hivyo. Msikilizaji anaona kama muziki bado unaendelea mahali fulani, ila yeye tu ndiye asiyeusikia."

"Na mzee Mayunga shambani alimaliza hivyo?"

"Hapana. Yeye alimaliza na mapigo mazito, akawa kama anagonga mlango. Yaliharibu hisia. Nikayakata."

"Umeyahifadhi?"

"Nimeyafuta."

Nikasimama. Hata sisi tuliokulia mjini, mama alitupeleka kwenye kilimo cha ngoma tukiwa watoto. Mpiga ngoma akikuita mstarini huweki jembe chini mpaka afunge ngoma. Tulidhani ni adabu tu, kama kutokula kabla ya wakubwa.

Nikachukua ile spika ndogo ya kuchaji, nikaweka albamu kwenye simu yangu, nikatoka nje.

"Method! Nipeleke Kasoli."

Akatazama jua. "Nitakufikisha. Lakini sitakusubiri, Kwandu. Giza lisinikute barabarani."

Tulikwenda mbio. Aliniacha kwenye njia ya kuingia kwa mzee, akageuza pikipiki bila hata kuaga. Nikatembea kwa miguu katikati ya mashamba. Kila upande watu walikuwa wameshapanda, vichipukizi vya pamba vimeanza kutoka. Shamba moja tu lilikuwa tupu.

Nililitambua kabla sijaambiwa. Lilikuwa limelimwa. Halafu likalimwa tena. Na tena. Udongo mweusi wa juu ulikuwa umekwisha, udongo wa chini umepanda juu, na mawe yametoka nje. Hapakuwa na jani hata moja.

Mzee Mayunga alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Ulikuwa umepooza, tena si zamani. Mkewe, bibi Ng'washi, alikuwa anamlisha viazi.

"Mwadila, guku," nikamsalimu, yaani babu.

"Mwadila, mayu," akaitikia, yaani mama. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu, maana ndivyo tunavyojibu hata kama nyumba inaungua. Kisha nikashindwa kuvumilia. "Guku, kaka yangu anakufa. Danford, yule aliyekuja na mashine. Kama ni wewe unayemchukua, nakuomba umuachie."

Bibi Ng'washi akaweka sahani chini kwa kishindo.

"Mimi si mchawi," mzee akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana nikaona aibu. "Mimi ni mpiga ngoma. Siku ile niliwaita watu wangu, wakalima, nikawafungia ngoma palepale, wakaenda kunywa togwa. Wangu wote wako majumbani kwao. Hao wanaokuja hapa jioni si wangu. Kaka yako aliondoka na mwito wangu kwenye mashine yake, akaenda kuita watu. Mvua iliponyesha, wakaja. Wanalima shamba langu mpaka mawe. Tumepanda mbegu, wamezifukua. Tumepanda tena, wamefukua tena. Mwaka huu mimi na huyu bibi tutakula nini?"

"Si uwafungie ngoma, guku!"

"Nimejaribu kwa mkono huu wa kushoto. Hawanisikii. Nakisia tu, mayu, jambo kama hili sijawahi kuliona. Nakisia wanasikia ngoma ile ya kwenye mashine, siyo hii yangu. Na mimi hiyo ya mashine sinayo. Kaka yako alisema ataniletea nisikilize." Akatikisa kichwa. "Hakuleta."

Nikaona uso unanichoma. Mji mzima una albamu ile, mpaka mlinzi wa kinu, na mwenye ngoma hajaisikia. Danford na akili zake zote!

Nikatoa simu na spika nikaviweka mbele yake. Mzee akavitazama.

"Wewe umeusikiliza wimbo huu mpaka mwisho?"

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Guku, haki ya Mungu. Ni mrefu mno. Unanichosha."

Kwa mara ya kwanza akacheka, cheko dogo la puani. "Basi afadhali wavivu wapo."

Akanieleza, kwa kunong'ona, huku jua linashuka. Niupige wimbo ule palepale shambani. Watakuja. Niache uendelee mpaka uanze kufifia, na kabla sauti haijapotea kabisa nipige ngoma yake, mapigo ya kufunga: matatu ya taratibu, kimya, kisha moja zito. Nikipiga mapema, watakuwa bado wamo ndani ya wimbo, hawatanisikia. Nikichelewa...

"Nikichelewa?"

"Utakuwa umeusikia mpaka mwisho," bibi Ng'washi akasema. "Majembe yapo ya kutosha."

"Na kaka yako," mzee akaongeza, "ukishafunga mshike mkono. Wengine waliitwa tu. Yeye ndiye aliyeita. Anaweza kung'ang'ania."

Niliketi pembeni ya shamba, ngoma katikati ya magoti, spika juu ya jiwe. Wazee walirudi ndani wakafunga mlango. Sikuwalaumu. Jua likazama, ukabaki ule mwanga mwekundu unaokaa kidogo kabla ya giza. Nikabonyeza simu, nikairudisha mfukoni.

Zeze likaanza. Peke yake, jembamba. Nikakumbuka babu yetu akilipiga, na Danford mdogo amekaa miguuni kwake, kamasi mpaka mdomoni. Gitaa kavu likaingia. Kisha besi. Kisha ngoma ya mzee Mayunga.

Kwi... kwi... kwi...

Majembe yalikuwa kwenye spika.

Halafu hayakuwa kwenye spika tu.

Udongo ukaanza kuruka upande wa mbali wa shamba. Nikaona migongo. Inainama, inainuka, yote pamoja, mstari mmoja mrefu, kila mtu na tuta lake. Walikuwa wanakuja upande wangu. Nikamuona Method na koti lake la kuendeshea. Nikamuona mwalimu na miwani yake. Mama wa chipsi, kanga imefungwa kiunoni. Wengine sikuwajua kabisa, sijui walipewa wimbo na nani. Wanaolima bugobogobo huimba, ndiyo raha yake. Hawa midomo ilikuwa imefumba. Imefumba kama vile haijawahi kufunguka.

Danford alikuwa katikati.

Nikataka kumwita. Nikauma ulimi.

Kisha nikamuona Danford wa pili.

Alikuwa kwenye tuta la jirani. Shati lilelile, ndevu zilezile. Na wa tatu baada yake. Na mwingine. Nikafumba macho nikafumbua, bado wapo. Nikawatambua mmoja mmoja, maana mtu niliyemsikiliza akipiga mwaka mzima namjua hata kwa kivuli. Huyu anauma mdomo wa chini, hivyo ndivyo anavyofanya akipiga gitaa la umeme. Yule anatikisa kichwa polepole, huyo ni wa besi. Yule mwingine amefumba macho na kuinua uso, huyo ni wa kinanda. Na kuna mmoja alikuwa ameinamisha shingo upande kama babu yetu. Wa zeze.

Mimi na mimi na mimi.

Na sauti ikaanza kufifia.

Niwaambie ukweli. Uliponifikisha pale, wimbo ule ulikuwa mzuri. Mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Vyombo vyote vilikuwa vimekubaliana hatimaye, vya mbao na vya umeme, vinatembea pamoja na majembe, na mimi niliyekuwa nauzima kila siku nikajikuta nalia. Nikataka uendelee. Nikanyoosha sikio niufuate. Ukapungua, nikanyoosha zaidi. Viganja vikaanza kuniwasha. Nikatazama chini nikaona mkono wangu wa kushoto umeacha ngoma, umejikunja, umeshika mpini usiokuwepo.

Weee Kwandu! nikajikemea.

Nikapiga.

Dum...

Dum...

Dum...

Nikanyamaza. Kwenye spika kulikuwa na kitu bado, au hakikuwepo. Hata leo sijui.

Dum.

Majembe yakasimama hewani. Yote. Kisha yakashuka taratibu, yakalazwa chini, na watu wakanyoosha migongo. Method akajinyoosha kama anavyofanya kijiweni asubuhi. Halafu akapungua, kama moshi unavyopungua, akawa hayupo. Mwalimu akaondoka. Mama wa chipsi akaondoka. Mmoja mmoja, kila mtu akarudi kwao.

Wakabaki Danford.

Walikuwa wamelaza majembe na wamesimama kwenye matuta yao, wananitazama. Niliwakimbilia. Nikashika mkono wa yule wa kwanza, nikaugeuza kiganja juu. Mweupe. Nikaacha. Wa pili, mweupe. Giza limeshaingia, nikawa nageuza viganja vya kaka yangu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Wa zeze, mweupe. Kisha mwingine, huyo alikuwa mwisho wa mstari.

Zambarau.

GV yangu. Ile niliyompaka jana kwa mkono wangu. Nikamshika nikamvuta. Aling'ang'ania, mzee alisema kweli. Miguu yake ilikuwa mizito na shingo yake imegeukia nyuma, kwa wale wengine.

"Twende nyumbani, kaka," nikanong'ona. "Twende ukale."

Tukatembea. Mimi nikageuka mara moja tu. Wale wengine walikuwa bado wamesimama. Waliachiwa kama wenzao, lakini hawakuondoka. Ndipo nikaelewa. Kila mtu alikuwa na mwili wa kurudia. Wao walitoka kwenye mashine, wangerudi wapi? Yule wa besi alitikisa kichwa. Yule wa zeze aliinua mkono kidogo, kama mtu anayeomba apewe nafasi.

Nikaendelea kutembea.

Kwenye mlango wa mzee nikahisi mkono wangu mwepesi. Nilikuwa nimeshika hewa. Na simu ikalia mfukoni, nikapiga kelele mpaka bibi Ng'washi akafungua.

"Kwandu?" Ilikuwa sauti ya Danford, ya usingizi. "Uko wapi? Njaa inaniuma."

Nilikaa chini pale mlangoni nikalia kwa sauti, na bibi akanifunika kanga.

Asubuhi Method alikuja kunichukua, anapiga honi tangu barabarani. Alikuwa amekesha, anajisifu, ameangalia mpira mpaka dakika ya mwisho. Bariadi, Mektilda hakuuza tena GV. Mzee Mayunga alipanda pamba yake, ikaota. Wimbo nimeufuta kwangu, na kila niliyempa nimemwambia aufute. Wengine walisema sawa. Wengine walisema wameshawatumia jamaa zao, Mwanza, Dar, na kwingine. Nimeachia hapo. Kwenye kiganja changu cha kushoto kulitoka lengelenge moja dogo. Ni la ngoma, najua. Japokuwa ngoma niliipigia mkono wa kulia.

Na Danford anakula, amenenepa, anaamka kabla yangu. Ningeomba nini tena?

Ila siku ya kwanza alipolichukua gitaa tena, alilishika kama mwanaume aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Akaweka vidole. Akaviondoa. Akaweka tena. Hakuna kilichotoka. Akajaribu kinanda, akajaribu zeze la babu. Hakukasirika, hakulia. Aliviegemeza vyote ukutani, akavifunika shuka. Tangu hapo jioni zikifika anasimama mlangoni pa kibanda, anatazama njia ya Kasoli mpaka giza limfiche.

Bibi Ng'washi alinipigia juzi. Alinisalimia vizuri, akaniambia pamba imesimama. Kisha akashusha sauti.

"Mayu, wale kaka zako bado wapo. Hawalimi. Wamesimama tu kwenye matuta. Ng'ombe hawataki kupita."

Sikumwambia Danford. Naapa sikumwambia. Lakini jana jioni tumekaa tunakula, akaacha tonge mkononi.

"Kwandu."

"Abee, kaka."

"Siku ile shambani... uliniona?"

"Nilikuona. Nilikushika mkono nikakurudisha."

Akageuza kiganja chake akakitazama. Malengelenge yamepona siku nyingi, lakini zambarau imebaki kwenye mistari ya mkono, haijatoka. Aliinua macho, yamejaa machozi.

"Sasa mbona hukutuchukua wote?"